Kambale mkubwa wa mto Mekong: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ile picha ya wavuvi wamemzunguka samaki mkubwa kama ndama ikianza kuzunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, mi najua tu meseji zinakuja. Ni kweli hiyo? Yuko wapi? Anameza watu? Nafuga kambale, nimeshawafuga miaka kadhaa sasa, watu wanajua hii jamii ya samaki naipenda kupita kiasi, kwa hiyo naulizwa mimi. Nimeona niandike majibu yote sehemu moja, kila mtu asome kwa muda wake, maana huyu samaki anasingiziwa mambo mengi na huku anaisha.

Kwanza, ni samaki gani hasa?

Ni kambale mkubwa wa mto Mekong, huko kusini mashariki mwa Asia. Jina lake la kitaalamu ni Pangasianodon gigas, alipewa mwaka 1931 na Mfaransa Pierre Chevey, ila wenyeji walikuwa na majina yao zamani sana. Thailand wanamwita pla buek, Laos pa beuk, na Kambodia wanamwita trey reach, yaani samaki mfalme. Hayupo mto mwingine wowote duniani. Ni Mekong na maji yanayoungana nao, basi.

Na kuonyesha kwamba watu wa kule wamemjua tangu enzi, kuna mwamba mrefu unaitwa Pha Taem, mkoa wa Ubon Ratchathani huko Thailand, juu kidogo ya mto, umechorwa michoro ya watu wa kale inayokadiriwa kuwa na miaka 3,000 hivi, na mmoja wa wanyama waliochorwa pale ni huyu kambale. Mtu alisimama pale na rangi nyekundu mkononi, akaona huyu samaki ana haki ya kuchorwa pamoja na tembo.

Yule wa kilo 293 ni kweli au picha imetengenezwa?

Ni kweli kabisa. Alinaswa Mei 2005 kwenye kijiji cha Hat Khrai, wilaya ya Chiang Khong, kaskazini mwa Thailand. Urefu mita 2.7, uzito kilo 293. Chukua mifuko sita ya saruji, toa kilo chache tu, huyo ndo yeye.

Sehemu ambayo picha haisemi ni hii: alikuwa jike. Watu wa idara ya uvuvi walitaka wamkamue mayai kwa ajili ya kuzalisha vifaranga halafu wamrudishe mtoni, lakini hakuhimili, akafa, nyama ikaliwa. Mimi kila nikiiona ile picha naanza kuhesabu, maana jike la ukubwa ule ni mama wa vizazi vingi sana, na pale amelala kwenye mchanga.

Ndo samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi?

Alikuwa anashika rekodi hiyo hadi Juni 2022, pale wavuvi wa Kambodia walipompata taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, wa kilo 300, wakamrudisha majini akiwa hai. Tunaongelea samaki wanaoishi maji baridi maisha yao yote, wale wanaoingia na kutoka baharini hawahesabiwi. Cha kushangaza ni kwamba taa huyo naye katoka mto huo huo wa Mekong. Rekodi zote mbili, mto mmoja.

Anafananaje? Ni kama kambale wetu?

Hapana, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanafikiri ni kambale wa kwetu aliyevimba.

Kambale wetu huyu wa mabwawani, wengine wanamwita kambale mumi, kichwa chake ni bapa na kigumu kama ubao, sharubu nane ndefu, mdomo mpana wenye meno madogo madogo kama msasa, na anaweza kupumua hewa ya juu, ndo maana unamkuta hai kwenye tope wakati sato ameshakufa. Nilishawahi kumkamata mmoja usiku kwenye bwawa bila kuwasha tochi, nikamshika vibaya, mwiba wa pezi la ubavuni ukaingia chini ya kidole gumba, nilikaa wiki nzima siwezi kufunga vifungo vya shati.

Sasa huyu wa Mekong, akiwa mkubwa hana meno kabisa. Sharubu zake zimesinyaa mpaka ukitaka kuziona lazima usogee karibu. Hana magamba, ngozi ni laini, kijivu kwa juu na tumbo jeupe. Kichwa ni kipana na cha mviringo. Ila kitu kinachonishangaza zaidi ni macho. Yamekaa chini sana, usawa wa pembe ya mdomo au hata chini yake, yanatazama chini, kiasi kwamba ukimwangalia kutokea juu unaweza usiyaone. Akikutazama kwa ubavu anaonekana mpole, na kiukweli ni mpole.

Anakula nini? Ni kweli anakula watu?

Hali watu. Hali hata samaki wenzake akishakuwa mkubwa. Anakula mwani, ule ukijani unaoteleza juu ya mawe, na vitu vya mimea anavyoviokota chini ya mto, ndo maana macho yanaangalia chini na ndo maana meno hayahitaji.

Utotoni ni tofauti. Vichanga wana meno na sharubu, wanakula vijidudu vinavyoelea majini, na kwenye matangi ya kuzalishia wanakulana wenyewe kwa wenyewe kama usipowapa chakula mapema. Hili nalijua vizuri kwa kambale wetu pia, unaweka vifaranga elfu leo, baada ya wiki mbili unakuta wachache wamenenepa na wengine hawapo, hujaibiwa, wamemezwa. Tofauti ni kwamba wa Mekong anaiacha hiyo tabia anavyokua, meno yanapotea, anahamia kwenye majani. Na kwa chakula hicho hicho inakadiriwa anaweza kufikisha kilo 150 hadi 200 ndani ya miaka sita, mwendo wa kukua ambao samaki wachache sana duniani wanaufikia. Na anaweza kuishi zaidi ya miaka 60.

Hadithi za kambale mla watu nyingi zinatoka kwa samaki mwingine kabisa, anaitwa goonch, wa mito inayoshuka kutoka milima ya Himalaya, India na Nepal. Huyo ana meno, na watu wa mto Kali wanasimulia mengi kumhusu. Ukipata video yenye maneno ya kutisha, angalia mdomo. Wa Mekong mkubwa mdomo wake hauna jino hata moja.

Anaishi sehemu gani ya mto?

Mekong unaanzia kwenye nyanda za juu za Tibet, unapita China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia hadi Vietnam unapoingia baharini, zaidi ya kilomita 4,300. Huyu samaki anapenda mkondo mkuu wenyewe, siyo vijito, sehemu zenye kina cha zaidi ya mita kumi na chini kuna mawe na kokoto. Kiangazi maji yakipungua anajificha kwenye mashimo marefu ya mto, yapo mengi huko Kambodia kati ya Kratie na Stung Treng, mengine yanashuka makumi ya mita.

Halafu kuna ziwa la Tonle Sap, na hili lazima nilieleze kwa sababu bila kulielewa humwelewi huyu samaki.

Tonle Sap ni ziwa la Kambodia lililounganishwa na Mekong kwa mto unaoitwa jina hilo hilo la Tonle Sap, unaokutana na Mekong pale Phnom Penh. Kiangazi mto huo unatoa maji ziwani kupeleka Mekong, kawaida tu. Lakini masika ikifika Mekong inajaa kiasi kwamba inazidi nguvu, inausukuma ule mto urudi nyuma, maji yanageuka yanaelekea ziwani. Fikiria Nile pale Jinja igeuke, iache kwenda kaskazini, ianze kuijaza Ziwa Victoria kwa miezi kadhaa, ndo kitu kinachotokea kule kila mwaka. Ziwa linatoka kwenye kilomita za mraba kama 2,500 na kina cha mita moja hivi, linafika zaidi ya 10,000 na kina cha mita nane, tisa. Misitu yote ya pembeni inazama. Samaki wadogo wanaingia humo kati ya matawi ya miti kula na kujificha, ni kama wamefunguliwa ghala.

Kwa hiyo anasafiri?

Sana, na hapa ndo roho ya habari nzima ilipo.

Mvua zikikatika, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, ziwa linaanza kushuka na samaki wanatoka, wanafuata mto Tonle Sap hadi Mekong, huyu mkubwa akiwemo. Wengine wanapandisha kaskazini. Sehemu ya kutagia inayojulikana zaidi iko juu kabisa, mpakani mwa Thailand na Laos, maeneo ya Chiang Khong na Chiang Saen, na wakati ni Mei na Juni maji yanapoanza kupanda. Mayai na vichanga vinabebwa na mkondo kushuka chini hadi kwenye mafuriko kule wanakokulia. Wakubwa wanakwea, watoto wanashuka, mto ndo unawabeba.

Wafugaji na wavuvi wa huku hili halitawashangaza. Mvua ya kwanza kubwa ya masika ikinyesha usiku, toka asubuhi uangalie mabonde yaliyofurika, utakuta kambale wamepanda kutoka mtoni wanataga kwenye majani, wengine wanapita kwenye maji yasiyofunika hata mgongo. Ni akili ile ile ya kusubiri maji mapya. Tofauti ni kwamba wa kwetu anatembea kilomita chache, huyu anahitaji mamia, na njia lazima iwe wazi yote, kuanzia juu hadi chini. Ukifunga katikati hata sehemu moja, umemkata.

Mbona wanapungua?

Takwimu inayonikaa kichwani ni ya Chiang Khong. Mwaka 1990 wavuvi wa pale walinasa samaki 69. Mwaka 2001, 2002 na 2003 hawakunasa hata mmoja. Mwaka 2003 hiyo hiyo akaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, ingawa biashara yake ya kimataifa ilishapigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1975.

Sababu ya kwanza ni nyavu. Samaki anayechukua miaka mingi hadi kuzaa hawezi kuvumilia kuvuliwa kila mwaka, hata kama wavuvi ni wachache, na nyama yake ilikuwa na bei nzuri sana mahotelini, wengine wakiamini inaleta bahati.

Sababu ya pili ni mabwawa ya umeme. China imejenga mengi upande wa juu. Laos, bwawa la Xayaburi lilianza kazi Oktoba 2019, limekata mkondo mkuu, na la Don Sahong likafuata Januari 2020 kwenye maporomoko ya Khone, juu ya mkondo mmoja ambao samaki walikuwa wanautumia kupita hata kiangazi. Wanaojenga wanasema wameweka njia za samaki. Mimi nimeangalia michoro ya hizo njia, na kwa samaki mdogo nakubali zinasaidia, ila wa mita mbili na nusu mwenye kilo mia mbili, anayezoea maji ya kina kirefu, sioni akipanda ngazi. Na hata akipanda, vichanga vyake vitashuka vipi? Vinaelea tu, vikifika kwenye maji yaliyosimama nyuma ya ukuta vinazama.

Umeme watu wanauhitaji, sikatai, mi mwenyewe pampu zangu zinautumia. Lakini mto wa namna hii ukishafungwa samaki wake hawana mto mwingine wa kuhamia. Kambodia mwaka 2020 ilitangaza kwamba haitajenga mabwawa kwenye mkondo mkuu hadi 2030, na mwaka huo huo Thailand ikaufuta mpango wa kulipua miamba ya mto ili meli kubwa zipite. Ile miamba ndo makazi yenyewe, kwa hiyo hizi habari mbili nilizipokea kwa furaha ya kweli.

Wavuvi wenyewe wanasema nini?

Watu wanapenda kuwalaumu wavuvi, mimi siko huko. Pale Chiang Khong uvuvi wa pla buek ulikuwa na heshima yake. Kabla ya msimu walikuwa wanafanya tambiko, wanachinja kuku kwa ajili ya mizimu ya mto na ya mitumbwi, halafu wanapokezana, mitumbwi inakwenda kwa zamu na nyavu za kuelea, siyo kila mtu anajirushia tu. Na mwaka 2006, kumheshimu mfalme wao Bhumibol alipotimiza miaka 60 kwenye kiti cha enzi, wavuvi wa pale walikubaliana kuacha kumvua. Hebu fikiria uzito wa kitu hicho, babu yako alivua samaki huyu, baba yako alivua, wewe unasema basi.

Mbona naona Thailand watu wanamvua kwenye mabwawa na kupiga naye picha?

Hao ni wa kufugwa. Idara ya uvuvi ya Thailand ilifanikiwa kuzalisha vifaranga kwa mara ya kwanza mwaka 1983, kwa kumchoma jike sindano ya homoni na kumkamua mayai, kazi ile ile tunayoifanya kwa kambale wetu ila kwa samaki wa kubebwa na watu sita. Mwaka 2001 wakafanikiwa kuzalisha kutoka kwa wazazi waliokulia bwawani. Tangu hapo wamepandikizwa kwenye mabwawa mengi, na yapo ya kulipia kama Bungsamran jijini Bangkok ambako watalii wanakuja kuvuta na kuachia. Wengine siyo damu safi, wamechanganywa na ndugu yao mdogo.

Je, si ndo ameshaokoka basi? Hapana jamani. Kila aliyewahi kuzalisha vifaranga anajua, ukitumia wazazi wale wale wachache miaka yote, watoto wanaanza kudumaa na kuwa dhaifu. Na wa bwawani hajui kusafiri. Kuwa na wengi bwawani ni akiba nzuri, ila mto ukiwa mtupu bado ni mtupu.

Fileti ya pangasius ya supamaketi ndo huyu?

Siyo yeye. Ni huyo ndugu yake mdogo, Pangasianodon hypophthalmus, anayefugwa kwa wingi mno kwenye delta ya Mekong huko Vietnam na kuuzwa nchi nyingi, ndugu zetu wa Ghuba na Ulaya wanamjua vizuri, nyama nyeupe isiyo na miba, bei rahisi. Unaweza kula bila wasiwasi wa kummaliza samaki mfalme.

Naweza kuagiza vifaranga nije nifuge huku?

Hili naulizwa na wafugaji wenzangu kila mwezi, na jibu langu ni hapana, hata ungepata kibali. Sisi watu wa Ziwa Victoria tunajua kilichotokea sangara alipoletwa miaka ya 1950. Hela ilikuja, viwanda vilikuja, lakini furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa hapa tu na si kwingine, wengi wao walipotea na hawatarudi. Kambale wetu anatosha, mfuge huyo vizuri.

Kuna habari njema yoyote?

Ipo, na nimeiweka mwisho maana naipenda. Desemba 2024, ndani ya siku chache tu, wavuvi wa Kambodia walinasa sita wakubwa, wote wakiwa hai. Mkubwa alikuwa na kilo 131 na urefu wa mita mbili. Sheria ya Kambodia inakataza kumvua, kwa hiyo akiingia kwenye wavu kwa bahati mbaya mvuvi anatakiwa atoe taarifa, na pale miaka zaidi ya ishirini mtafiti Zeb Hogan na watu wa uvuvi wa Kambodia wamefanya kazi na wavuvi hao mpaka imekuwa kawaida mtu kuchukua simu badala ya panga.

Inakuwa hivi. Samaki anaachwa kwenye maji muda wote, hatolewi nchi kavu, maana uzito wake mwenyewe unamwumiza. Wanampima haraka haraka, wanamwekea tagi ndogo yenye namba karibu na pezi la mgongoni, ili siku akinaswa tena, hata kilomita mia kadhaa mbele, ijulikane alitoka wapi na amekua kiasi gani. Halafu watu wanaingia majini naye, wanamshikilia kichwa kikiangalia mkondo, wanasubiri. Mapezi yanaanza kuchezacheza, mkia unasukuma mara moja, mara ya pili, anashuka kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, haonekani tena.